Sonona na Mizani ya Hisia katika Maisha ya Wanamuziki

Wapenzi wa muziki, hapa kwetu na katika nchi za mbali, wana imani moja iliyokita mizizi: kwamba mwanamuziki hodari hana budi kuwa mtu wa majonzi. Wimbo unapotuchoma moyo, twasema mtunzi wake ameyaonja aliyoyaimba. Akionekana amejitenga, hali chakula, wala hasemi na wenzake, twasema anatunga, tusimsumbue. Mimi mwenyewe niliwahi kuishika imani hiyo, na kwa sababu yake nilimkosea mtu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na jirani aliyepiga gitaa la solo katika bendi moja ya dansi. Alikuwa mcheshi, mpenda watu. Kisha ukaja msimu ambao alibadilika. Alirudi kazini alfajiri, akajifungia mchana kutwa, akakonda. Gitaa lake, ambalo zamani tulilisikia likijaribiwa kila alasiri, likanyamaza. Wenzake katika bendi waligawanyika: baadhi walisema amerogwa na bendi shindani, wengine walisema ameanza kuringa. Mimi, mtu niliyesoma hadi ng'ambo, nilimwambia kwamba bila shaka wimbo mkubwa unakuja. Hakunijibu. Wimbo haukuja. Baada ya miezi michache bendi ilimwondoa, nami nikatambua kwamba kile nilichokisifu kama usanii kilikuwa ugonjwa.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza ugonjwa huo, unaoitwa sonona. Kuonyesha kwa nini maisha ya muziki huweza kuyumbisha mizani ya hisia. Na kuipima kwa ushahidi ile imani kwamba ugonjwa ndio mama wa wimbo.

HUZUNI SI SONONA

Huzuni ni sehemu ya uzima. Mtu aliyefiwa, aliyeachwa au aliyeshindwa, asipohuzunika ndipo tungepaswa kumshangaa. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka kama mawimbi, nayo humwachia mtu nafasi ya kufarijika. Mfiwa hulia, lakini katikati ya matanga huweza kusikia kisa cha marehemu akacheka, kisha akalia tena.

Sonona ni hali nyingine. Neno lenyewe ni la Kiswahili cha asili: kusonona ni kuumia ndani kwa ndani. Madaktari hulitumia kwa ugonjwa wenye dalili zinazojulikana. Dalili kuu ni mbili: moyo kuwa mzito karibu kutwa nzima, na kupoteza hamu na furaha katika mambo ambayo mtu aliyapenda. Pamoja na hizo huwapo nyingine: usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usioisha, mwili kuwa mzito au kuhangaika, akili kushindwa kutulia juu ya jambo moja, kujiona hufai na kujilaumu pasipo kosa, na mawazo ya kifo. Dalili za namna hii zikikusanyika, zikadumu karibu kila siku kwa muda usiopungua majuma mawili, na zikamzuia mtu kufanya shughuli zake, hapo daktari ana haki ya kuuita ugonjwa huo kwa jina lake.

Inafaa tuongeze jambo moja. Wagonjwa wengi hawaendi hospitali wakasema, "Nina huzuni." Husema kichwa ni kizito, mwili unawaka moto, kifua kinabana, mgongo unauma, au wana mawazo mengi. Wakipimwa malaria na isipoonekana, hurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Kwa njia hiyo ugonjwa hupita mbele ya macho ya mganga bila kutambuliwa. Wala si ugonjwa wa watu wachache: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa nao.

Kwa mwanamuziki, dalili ile ya pili, yaani kufa kwa hamu, ina uchungu wa pekee. Mkulima mwenye sonona huchoka na jembe, lakini hakuna aliyetarajia jembe limfurahishe. Mwanamuziki hupoteza kitu kilekile kilichomfanya achague kazi yake. Hushika tarumbeta kama mtu ashikaye kipande cha bomba. Sauti anazisikia, lakini hazimgusi. Kwa kuwa wengine wanamwambia muziki ni kipaji kitokacho moyoni, yeye hudhani moyo wake umekauka, na aibu huongezeka juu ya ugonjwa.

KISA CHA MTUNZI WA KIRUSI

Hebu sasa tuangalie kisa kimoja kilichoandikwa sana katika historia ya muziki wa Ulaya. Sergei Rachmaninoff alizaliwa Urusi mwaka 1873. Alikuwa mpiga piano na mtunzi aliyetiwa matumaini makubwa tangu ujana wake. Mwezi Machi 1897, kabla hajatimiza miaka 24, simfoni yake ya kwanza ilipigwa katika jiji la St. Petersburg chini ya uongozi wa Alexander Glazunov. Okestra haikuwa imeandaliwa vya kutosha, na onyesho likaharibika. Mtunzi mwenyewe alijificha kwenye ngazi za ukumbi asiisikie kazi yake. Mhakiki maarufu wa wakati huo, César Cui, aliiponda simfoni hiyo gazetini kwa maneno makali mno.

Kwa karibu miaka 3 baada ya usiku ule Rachmaninoff hakuweza kutunga jambo la maana. Tuzingatie vizuri: hakuwa mvivu, wala hakupoteza ujuzi. Aliongoza okestra katika opera moja ya watu binafsi mjini Moscow, na mwaka 1899 alikwenda London akatumbuiza. Mikono ilifanya kazi. Kilichofungwa ni mlango wa kutunga. Kama imani yetu ingekuwa kweli, miaka hiyo ya giza ndiyo ingezaa kazi zake kuu. Haikuzaa.

Mwanzoni mwa mwaka 1900 jamaa zake walimshawishi aende kwa daktari aliyeitwa Nikolai Dahl. Daktari huyo alitumia njia ya kumlaza mgonjwa katika hali ya nusu usingizi na kumwambia maneno ya kumtia imani. Naye mwenyewe alikuwa mpenzi na mpigaji wa muziki, hivyo walikuwa na mengi ya kuzungumza. Rachmaninoff alikwenda kwake kila siku kuanzia Januari hadi Aprili. Baadaye alipumzika Crimea, kisha Italia. Alipoanza tena kuandika, kalamu haikusimama: konseto yake ya pili ya piano ilipigwa nzima kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901, yeye mwenyewe akiwa kwenye piano, na hata leo ni miongoni mwa kazi zinazopendwa kuliko zote za aina yake. Aliitunuku kwa Dahl.

Msomaji wa sayansi atauliza, na ana haki: je, yale maneno ya daktari ndiyo yaliyomponya? Kwa mtu mmoja hatuwezi kuthibitisha. Huenda ni mazungumzo ya kila siku na mtu anayesikiliza. Huenda ni mapumziko. Huenda ni upendo wa jamaa. Huenda ni muda tu, kwa maana vipindi vingi vya sonona hatimaye hupungua. Lakini jambo moja halina ubishi: kazi kubwa ilikuja mzigo ulipopungua, haikuja wakati mzigo ulipokuwa mzito.

HESABU ZA SCHUMANN

Kisa cha pili kinatupa tarakimu. Robert Schumann, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810, aliishi maisha ya kupanda na kushuka. Vilikuwapo vipindi vya moto mkali, usingizi kidogo na kazi nyingi. Vikafuata vipindi vya kuzama. Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, Eliot Slater na Alfred Meyer, walizihesabu kazi zake mwaka kwa mwaka. Mwaka 1840, alipomwoa mpiga piano Clara Wieck, walihesabu kazi 24. Mwaka 1849 walihesabu 27. Mwaka 1844, alipokuwa katika kipindi kizito cha sonona, hapakuwa na hata moja iliyokamilika.

Wengine wakaona hapa ushahidi kwamba ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia huzaa usanii, kwa sababu ya ile miaka ya wingi. Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Weisberg, aliuliza swali zuri zaidi: je, kazi za miaka ya kupanda zilikuwa bora, au zilikuwa nyingi tu? Ili kupima ubora alihesabu jinsi kila kazi ilivyorekodiwa na wapigaji wa baadaye. Akaona kwamba wingi ulipanda, lakini sehemu ya kazi bora haikupanda. Kwa maneno mengine, Schumann alitunga zaidi alipokuwa juu, ila hakutunga vizuri zaidi. Aliyekuwa akitunga ni Schumann mwenye elimu na mazoezi ya miaka mingi. Ugonjwa ulikuwa ukimpa na kumnyima saa za kazi.

Na mwisho wa kisa hiki hauna uzuri wowote. Februari 1854 alijitupa katika mto Rhine mjini Düsseldorf akaokolewa na watu. Alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, karibu na Bonn, akafia humo Julai 1856, akiwa na umri wa miaka 46. Wataalamu hadi leo wanabishana ni ugonjwa gani hasa uliomwua. Anayeusifu ugonjwa kwa ajili ya zile nyimbo na ahesabu pia nyimbo za miaka ambayo Schumann hakuiishi.

JE, WANAMUZIKI HUUGUA ZAIDI?

Swali hili linajibiwa kwa haraka mno na watu wengi. Watafiti wa Sweden, nchi yenye daftari la kitaifa la wagonjwa wa hospitali, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi uliohusu zaidi ya watu milioni moja wenye magonjwa ya akili pamoja na ndugu zao. Waliona kwamba watu wa kazi za ubunifu kwa jumla hawakuwa na magonjwa ya akili kuliko watu wengine, isipokuwa ule ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia.

Kwa upande mwingine, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Westminster nchini Uingereza waliwauliza wanamuziki zaidi ya 2,200 juu ya hali zao. Asilimia 68.5 walisema wamewahi kupatwa na sonona, na asilimia 71.1 walisema wamewahi kupatwa na wasiwasi mkali wa ghafla. Tarakimu hizi zinatisha, lakini zisomwe kwa uangalifu. Waliojibu walijitolea wenyewe, na yawezekana kwamba aliyeumia ndiye aliyekuwa na hamu zaidi ya kujibu. Aidha, walijieleza wenyewe; hawakupimwa na daktari.

Basi matokeo haya mawili yanapingana? Si lazima. Daftari la hospitali humwona aliyefika hospitali. Dodoso humsikia anayeteseka nyumbani. Hao wa Westminster walipouliza zaidi, wanamuziki hawakuulaumu muziki. Walitaja kipato kisichotabirika, saa za kazi zisizo za kawaida, uchovu, na kutojua kesho itakuwaje. Kwa hiyo tunapotafuta sababu tusiishie kutazama ndani ya fuvu la msanii. Tuitazame kazi yake inavyopangwa.

KAZI INAVYOYUMBISHA MIZANI

Jambo la kwanza ni usiku. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali zinapopishana neva za macho, kuna fungu dogo la chembe zipatazo 20,000 ambalo ni saa kuu ya mwili. Saa hii huamua lini joto la mwili lipande au lishuke, lini homoni zimwagwe katika damu, na lini usingizi uje. Namna chembe zinavyoutunza mwendo huo ilieleweka kwa utafiti uliofanywa juu ya inzi wa matunda, na waliougundua, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Saa hiyo haiendi sawasawa na siku ya masaa 24. Kila siku yahitaji kurekebishwa na mwanga wa jua.

Sasa mfikirie mpiga gitaa anayeshuka jukwaani saa nane za usiku. Masikio bado yanavuma, moyo bado unakwenda mbio. Alala saa kumi na moja, saa kuu ya mwili inapojiandaa kumwamsha. Mchana kuna joto, kelele za watoto na mapipa ya maji. Analala saa nne au tano, kisha huamka. Siku asiyopiga dansi hujaribu kulala usiku kama wengine, na usingizi humkimbia. Mwili wake huishi kama wa msafiri anayevuka bahari kila juma bila kuondoka mtaani kwake. Kukosa usingizi si dalili ya sonona tu. Ni mojawapo ya njia zinazoiingiza. Kwa mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka, usiku mmoja tu wa kukesha huweza kumrusha juu.

Jambo la pili ni jukwaa. Mbele ya umati tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga kwa nguvu na fahamu hukaa macho. Makofi yanapokoma, hali hiyo hushuka. Kushuka huku si ugonjwa, kila mpigaji hukujua. Hatari yaanza pale mtu anapoanza kuipima thamani ya maisha yake kwa saa mbili za makofi, na kuyaona masaa 22 yaliyobaki kuwa ni utupu. Rachmaninoff aliumizwa na usiku mmoja kwa sababu usiku ule alikuwa ameuweka nafsi yake yote.

Jambo la tatu ni pombe. Katika kumbi zetu mpigaji hutunzwa kwa chupa: shabiki aliyefurahi humpelekea bia, na kuikataa huonekana ni dharau. Pombe huuleta usingizi upesi, lakini huuvunja katika nusu ya pili ya usiku, mtu akaamka na moyo wa wasiwasi. Isitoshe, pombe hupunguza nguvu za ubongo wenyewe. Anayeinywa ili aondoe uzito wa moyo hukopa furaha ya leo kwa riba ya kesho.

Jambo la nne ni riziki. Katika miaka ya 1970 bendi nyingi za Dar es Salaam zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na mpigaji alilipwa mshahara. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, maana mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Hata hivyo mwisho wa mwezi ulijulikana. Leo wengi hulipwa kwa kiingilio cha mlangoni, au hawalipwi, na mvua moja ya jioni huweza kuondoa chakula cha juma zima. Akili isiyojua kesho haipumziki.

Kuyaona haya vizuri, linganisha na wacheza ngoma wa Usukumani. Kwa desturi mashindano makubwa ya makundi ya Bagika na Bagalu hufanyika baada ya mavuno, mazao yakiwa ghalani. Manju ni mshairi na kiongozi mwenye sifa kubwa, lakini msimu ukiisha hurudi shambani, akawa mkulima miongoni mwa wakulima. Sitaki kuipamba picha hii: katika ngoma hizo pia mna ushindani mkali, hofu ya kurogwa, na fedheha ya kushindwa. Lakini ngoma ina msimu wake, na mtu ana jina jingine zaidi ya lile la jukwaani. Mpigaji wa mjini mara nyingi hana msimu wala jina jingine.

JINSI MIZANI INAVYORUDISHWA

Kila mpiga gitaa ajua kwamba waya uliolegea hautoi sauti, na uliokazwa kupita kiasi hukatika. Tena ajua kwamba hata uliokazwa vizuri hulegea kwa joto la ukumbi, ukahitaji kurekebishwa kati ya wimbo na wimbo. Uwiano wa hisia nao hautafutwi mara moja ukaisha.

Kwanza, utaratibu wa siku. Mtu wa kazi za usiku asipoweza kulala mapema, aweze angalau kuamka saa ileile kila siku, hata siku ya mapumziko, na kutoka nje apate mwanga wa jua. Chumba cha kulalia mchana kizibwe mwanga. Chai na kahawa ziachwe katika nusu ya pili ya kazi. Bendi nayo yaweza kuweka siku ya mapumziko isiyoguswa.

Pili, vitendo vidogo. Mwenye sonona husubiri hamu irudi ndipo afanye jambo. Utafiti wa tiba umeonyesha kwamba mara nyingi mambo huenda kinyume: kitendo hutangulia, hamu hufuata. Asiambiwe atunge albamu. Aambiwe apige skeli kwa dakika 10, au atembee hadi sokoni na rafiki. Kesho arudie.

Tatu, mazungumzo yenye mpango. Hapa Afrika imeifundisha dunia. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha kina mama wazee wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kulishughulikia. Hawakutumia maneno ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Mpango huo ulipimwa kwa jaribio la kisayansi mjini Harare katika zahanati 24, kwa watu 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida karibu nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Miongoni mwa waliokaa na wale kina mama, ni asilimia 14 hivi tu. Kumbuka kisa cha Dahl: kile ambacho kwa mtu mmoja kilikuwa dhana, hapa kimepimwa kwa mamia. Maneno ya mtu aliyefundishwa kusikiliza ni dawa.

Nne, dawa za hospitali. Mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba dawa iitwayo imipramini huwasaidia wenye sonona, na tangu hapo zimetengenezwa nyingine nyingi. Zinagusa kemikali zinazopitisha habari kati ya chembe za neva, kama vile serotonini na noradrenalini. Zamani ilielezwa kwa urahisi kwamba sonona ni upungufu wa serotonini. Leo wataalamu wanaona maelezo hayo ni mafupi mno, ingawa dawa zenyewe huwasaidia wagonjwa wengi, hasa wale ambao ugonjwa wao ni mzito. Mambo matatu yakumbukwe: huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu, zisiachwe ghafla, na mwenye vipindi vya kupanda amweleze daktari, kwa maana tiba yake ni tofauti. Kwa hao hutumika lithiamu, ambayo faida yake ilielezwa na John Cade wa Australia mwaka 1949. Wanamuziki wengine huogopa kwamba dawa itawaua usanii. Wamweleze daktari hofu hiyo na dalili wanazoziona, kipimo kiweze kurekebishwa. Ukweli ni kwamba ugonjwa wenyewe ndio huzima usanii, kama tulivyoona.

WAJIBU WA WENZAKE

Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni aibu. Majina ya hospitali zetu za akili tumeyafanya matusi: Dodoma watu hutaniana kwa jina la Mirembe, Unguja kwa Kidongo Chekundu, Nairobi kwa Mathari. Anayesikia mzaha huo kila siku atakwendaje huko akiugua? Lakini kwa kawaida safari huanzia karibu zaidi, yaani kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Mwenzake katika bendi ndiye wa kwanza kuona. Maswali matatu yatosha kuanzia: Unalala vipi? Unakula? Je, bado waufurahia muziki? Majibu yakiwa mabaya kwa majuma mawili, msindikize hospitali. Usimtume peke yake. Na mtu akisema amechoka kuishi, usimwone anatafuta huruma. Muulize wazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa sumu na vitu vya hatari karibu naye, mfikisheni kwa mganga siku hiyohiyo.

Jirani yangu hakuulizwa maswali hayo na bendi yake, wala na mimi. Aliulizwa na muuguzi wa kituo cha afya, siku aliyokwenda kwa maumivu ya kichwa. Muuguzi hakuridhika na jibu la kichwa. Akamwuliza juu ya usingizi. Alitibiwa kwa mazungumzo na kwa dawa, ikachukua karibu mwaka. Hivi sasa hapigi dansi za usiku. Hufundisha vijana gitaa alasiri, na mara mojamoja hupiga arusini. Siku moja alinichezea wimbo wake mpya. Ulikuwa wimbo wa huzuni, tena mzuri sana. Nilimwuliza aliutunga lini. Akanijibu kwamba aliutunga alipokuwa amepona, kwa sababu alipokuwa mgonjwa hakuwa na huzuni ya kuimba. Hakuwa na kitu.

Hilo ndilo fundisho la makala haya. Huzuni ni mali ya wimbo, na mwenye afya ndiye awezaye kuitumia. Sonona ni ugonjwa, na ugonjwa hutibiwa. Tukimwona mwanamuziki amenyamaza, tusiusubiri wimbo. Tumwulize habari zake.